MANENO YA KATIBU WA TAWI KUHUSU KOMBE NA VIPAJI VYA WATOTO WETU

*UJUMBE KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Mvua ya Jumapili iliwazuia wengi kufika kwenye mkutano wa tawi, na tangu jana simu yangu haipumziki: "Katibu, ulisema nini kuhusu kombe?" Mwenyekiti ameelekeza niyaweke hapa maneno yangu yote, ili kila mmoja ayasome mwenyewe kuliko kusimuliwa. Nimeondoa salamu na utani wa katikati, mengine ni kama nilivyoyasema. Ni marefu, msome taratibu. Asiyeelewa aniulize mimi, asiulize kijiweni.

*MANENO YENYEWE*

Mheshimiwa Mwenyekiti, ahsante. Ajenda ya nne ni kombe. Wote mnajua kuna mdau wa maendeleo, mzaliwa wa kata hii, ameahidi shilingi milioni 6 kwa ajili ya michezo na ameomba tawi lisimamie. Kwanza tumshukuru. Mtu anayetoa milioni 6 mfukoni mwake bila kushurutishwa ni wa kuheshimiwa, na haya ninayoyasema leo nilimweleza yeye kwanza kwa simu. Hakukasirika. Alisema, "Leteni hoja yenu kwa maandishi."

Vijana wetu wameandaa makisio, na mimi kwa kuwa hesabu ndiyo kazi niliyosomea, nimeyapitia mstari kwa mstari. Jezi seti 8, kila seti 350,000, ni milioni 2 na laki 8. Ng'ombe wa bingwa, milioni 1 na laki 2. Waamuzi laki 6. Muziki na jenereta laki 5. Mipira, nyavu na chokaa laki 4. Mapokezi ya mgeni rasmi laki 5. Jumla milioni 6 kamili. Hesabu imefunga, haidaiwi wala haidai. Ila nikatafuta mstari mmoja sikuuona: watoto wangapi watacheza? Nikauliza. Jibu ni kwamba hakuna hata mmoja. Timu zote 8 ni za kaka zetu wa ndondo, miaka 20 mpaka 35, na baadhi yao wana watoto darasa la tatu. Lakini kichwa cha barua ya maombi kinasema "Kuibua na kukuza vipaji vya watoto na vijana wadogo".

Ndondo naipenda, msinielewe vibaya. Jioni ya fainali mimi ni wa kwanza kukaa mstari wa mbele, na ng'ombe akichinjwa sikai mbali. Hoja yangu ni kwamba fedha imeombwa kwa jina la mtoto, basi imfikie mtoto.

Sasa, nikilisema hili mtaani watu hunijibu, "Hiyo ni kazi ya serikali." Sawa. Serikali ipi? Naomba twende polepole hapa kwa sababu ndipo kwenye mzizi wa jambo lenyewe.

Tuchukue binti wa darasa la tano, miaka 11, anakimbia kuliko wavulana wote wa darasa lake. Watoto wa namna hiyo hapa kata yetu wapo, walimu waliopo mkutanoni ni mashahidi. Shule anayosoma iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Somo la Sanaa na Michezo analofundishwa limeandaliwa chini ya Wizara ya Elimu. Sera ya michezo yenyewe, ile ya mwaka 1995, iko kwa wizara ya michezo, na chini yake kuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ambalo ndilo linasajili vyama na klabu. Akitaka kushindana nje ya shule anahitaji chama cha riadha. Cheti chake cha kuzaliwa kiko RITA, na RITA iko chini ya wizara nyingine kabisa. Uwanja anaokimbilia ni ardhi ya halmashauri. Akiteguka mguu anakwenda zahanati. Na juu ya hao wote kuna mama yake, ambaye saa kumi jioni anamhitaji akachote maji.

Hesabuni wenyewe ni ofisi ngapi hizo. Na hakuna hata moja kati yake iliyokosea. Kila moja ina kazi yake na inaifanya kwa kadiri ya uwezo wake. Tatizo ni kwamba mtoto anatoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine bila karatasi yoyote kumfuata. Sisi wa uhasibu tunajua: bidhaa ikitoka ghala moja kwenda ghala jingine bila hati ya makabidhiano, hiyo imepotea, hata kama kila mtunza ghala ni mwaminifu. Binti yule akimaliza darasa la mwisho, mwalimu wake wa michezo anabaki na kumbukumbu kichwani tu. Sekondari anakopelekwa hawana habari naye. Mwaka unapita, miaka miwili inapita, ameacha kukimbia.

Tunao UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Haya ni mashindano mazuri sana, yanaanzia shuleni, yanapanda kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Yamefanyika Mwanza, Mtwara, Tabora na kwingineko, na watoto wanakwenda huko na sare za mikoa yao kama wabunge. Lakini wenye umri wangu na walionizidi mnakumbuka kilichotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Michezo hii ya shule ilisimamishwa, kwa hoja kwamba inawaharibia watoto masomo, na ikakaa kimya kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo ni mtu wa thelathini na kitu. Hao ndio ambao tungekuwa tunawatazama kwenye mashindano makubwa sasa hivi. Uamuzi wa ofisi moja ulikata mnyororo wa ofisi zote, kwa sababu nje ya shule hapakuwa na mtu aliyeshika ncha ya pili ya kamba. Vyama vya michezo vilikuwa vinasubiri watoto waletwe na shule. Shule zikafunga mlango, vyama vikabaki mikono mitupu.

Nasema hivi si kwa kulaumu waliopita. Nasema kwa sababu kata yetu leo iko vilevile: ikitokea mwalimu wa michezo wa shule yetu amehamishwa, na mwalimu kuhamishwa ni jambo la kawaida, michezo ya watoto mia tisa inasimama siku hiyohiyo.

Tuangalie upande wa mafanikio pia. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 Moscow yeye na Suleiman Nyambui wakaleta fedha mbili, na mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi hii imewahi kupata. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida akashinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Tanzania, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, yaani nukta sifuri tatu, kitu ambacho hata kope haijafumba. Alikuwa na miaka 33. Bayi na Simbu wote wawili ni watu wa jeshi. Jeshi lilimpa mkimbiaji ajira, chakula, kocha, muda wa kufanya mazoezi na cheo, na chama cha riadha kikampa mashindano. Taasisi mbili zikamshika mtu mmoja kwa mikono miwili kwa miaka mingi. Simbu alipata shaba London mwaka 2017, akasubiri miaka 8 kupata dhahabu. Ni nani kati yetu hapa anapanga jambo la michezo kwa miaka 8? Sisi tunapanga wiki mbili, kombe linaisha, jezi zinafuliwa, basi.

Na dada zetu. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa, wakafika robo fainali. Ilikuwa timu ya kwanza ya taifa hili kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Kwenye makisio ya vijana wetu hakuna mpira hata mmoja wa wasichana. Kinamama, msipige makofi bado.

Sasa naomba niingie kwenye jambo ambalo wengi hawalijui na ambalo lina fedha ndani yake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea, kuanzia msimu wa mwaka wake wa 12 mpaka wa 23. Msimu wa miaka 12 hadi 15, kila mwaka mmoja ni robo ya asilimia moja ya bei. Kuanzia 16 ni nusu ya asilimia. Tuseme mtoto wa hapa, baada ya miaka mingi, anauzwa Ulaya kwa shilingi bilioni 1, ambayo kwa bei za huko ni bei ya chini. Klabu iliyomlea akiwa na miaka 12, 13, 14 na 15 inastahili asilimia 1, ambayo ni milioni 10. Zaidi ya kombe letu zima! Na tangu Novemba 2022 FIFA wana kituo chao maalum cha kupitisha malipo haya, hawaachi klabu zikimbizane.

Lakini inalipwa nani? Inalipwa klabu iliyosajiliwa, iliyo mwanachama wa chama cha soka kwa ngazi zake, na ambayo mtoto yule alisajiliwa kwake kwa jina na tarehe. Sisi hapa tuna timu mbili za mchangani zenye watoto. Mmoja wa makocha wao yuko hapa na nimemuomba ruhusa kusema: timu yake haijasajiliwa kwa Msajili, haiko FA ya wilaya, na orodha ya watoto iko kwenye simu yake, simu ambayo kioo chake kimepasuka. Kijana huyu amefundisha watoto bila mshahara kwa miaka, analipa mipira mwenyewe. Mtoto wake mmoja akifika mbali, kwenye karatasi za dunia kocha huyu hayupo. Hajawahi kuwepo. Mimi hilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Kuna la pili, la cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tangu mwaka 2009 FIFA wanapiga picha za kipimo kwenye kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, mfupa unasema ukweli. Watu wanadhani udanganyifu wa umri ni ujanja wa viongozi wakubwa. Hapana. Unaanzia huku kwetu, mtoto asiye na cheti anapoandikishwa mashindano kwa kukisia, kisha mwaka unaofuata anakisiwa tena, na kila mara anakisiwa kwenda chini. Na upande wa pili mtoto mkweli asiye na cheti anaachwa kituoni basi likiondoka. Serikali ilianza Mbeya mwaka 2013 mpango wa kuwaandikisha watoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo, na ukaenea mikoa mingi. Kwa wadogo kuna nafuu. Wenye miaka 9, 10, 11 ambao hawakupata wakati ule, hao ndio wamekwama, na hao ndio umri wa vipaji tunaouzungumza. Mzazi anafikiria nauli ya kwenda wilayani mara mbili au tatu, anaahirisha mpaka mtoto afike kidato cha nne.

La tatu ni uwanja. Hili sitalizungusha. Kiwanja cha shule yetu ya msingi, upande wa goli la kusini, kuna lori zinamwaga mchanga na kuna msingi umechimbwa. Hakina mawe ya mipaka. Ukiuliza, mtaa wanasema ni wa shule, shule wanasema ni wa halmashauri, na anayechimba anasema aliuziwa. Nchi hii imepewa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, viwanja vikubwa vinajengwa na tunashukuru, lakini hao watakaoingia kwenye viwanja hivyo mwaka 2035 sasa hivi wanacheza chandimu kati ya malori. Uwanja ukishakwenda haurudi. Kocha unaweza kumpata mwakani, mpira unaweza kununua kesho, lakini nyumba ikishaezekwa pale hakuna tawi la chama chochote litakaloibomoa.

Nimesikia ndugu mmoja nyuma akisema, "Tuanzishe akademi." Nakuomba ndugu yangu, tusianze na jina. Kuna watu wanazunguka na jina hilo. Wanamwambia mzazi mwanao ana kipaji, toa laki tatu ya pasipoti, tutampeleka majaribio nje. Mzazi yeyote akiambiwa hivyo ajue jambo moja: kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa waziwazi. Anayekwambia mtoto wa miaka 13 atasaini Ulaya mwezi ujao anataka laki tatu zako tu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto popote alipo, uwanjani pia. Ndiyo maana ninataka kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa iwemo kwenye mpango huu tangu siku ya kwanza. Kocha asisafiri na watoto peke yake. Mazoezi ya wasichana awepo mama mmoja, na yaishe kabla giza halijaingia. Hayo si mambo ya kuogopana, ni utaratibu, kama vile fedha ya tawi inavyosainiwa na watu wawili hata kama Mweka Hazina ni mtu wa sala tano.

Baada ya maneno hayo, pendekezo langu ni hili. Milioni 6 ile ile, mdau yule yule, kama atakubali.

Kwanza kabisa, hata kabla ya shilingi moja kutoka, Mtendaji wa Kata aombwe kuitisha kikao cha pamoja. Narudia, Mtendaji aitishe, si sisi. Chama kikiitisha, nusu hawatakuja na nusu watakuja kutusikiliza tunasema nini kuhusu uchaguzi. Waitwe walimu wakuu wa shule zetu mbili, walimu wa michezo, Afisa Elimu Kata, Afisa Michezo wa halmashauri, FA ya wilaya na watu wa riadha na netiboli, makocha wa mchangani, kamati za shule, zahanati, na kamati ya ulinzi niliyoitaja. Waitwe pia viongozi wa msikiti na kanisa, maana hao wana vijana wengi kuliko sisi na kanisa lina kiwanja kizuri kilichokaa bure siku sita kwa wiki. Kila anayetoka pale atoke na kazi moja iliyoandikwa, yenye tarehe. Makubaliano ya kurasa mbili yanatosha. Nimeona mipango ya kurasa 80 iliyofia kwenye kabati.

Kazi yenyewe ianze na daftari. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake ya PREM, inayomfuata akihama shule. Hatuna haja ya kubuni namba nyingine. Walimu wa michezo waandike namba hiyo, tarehe ya kuzaliwa, cheti kipo au hakipo, mchezo anaoupenda, na baada ya kila muhula mambo mawili matatu: amekimbia kwa muda gani, ameruka umbali gani, anahudhuria au la. Nakala moja shuleni, moja kwa Afisa Elimu Kata. Mtoto akienda sekondari, ukurasa wake unakabidhiwa kwa saini. Hiyo ndiyo hati ya makabidhiano niliyoisema.

Naomba pia daftari liandike watoto wote, si wale kumi wanaong'aa. Mtoto wa miaka 9 anayeng'aa mara nyingi ni yule aliyezaliwa Januari darasa zima likiwa limezaliwa Oktoba. Waacheni wacheze kila kitu, wakimbie, waruke, wadake. Kuchagua kutakuja baadaye.

Fedha nimezipanga hivi, mnaweza kunikosoa. Mipira 20 ya saizi ya watoto na 10 ya netiboli, laki 9. Makocha watatu, mmoja wao mwanamke, posho ya nauli 60,000 kwa mwezi kwa miezi 10, milioni 1 na laki 8. Sanduku la huduma ya kwanza laki 2. Laki 6 kuwasaidia wazazi nauli na gharama za vyeti vya kuzaliwa, tuanze na wasiojiweza, na orodha itoke shuleni, isitoke kwetu. Milioni 1 na nusu kuchangia upimaji na mawe ya mipaka ya kiwanja, tukiishirikisha ofisi ya ardhi ya halmashauri na shule yenyewe ndiyo iwe mwombaji. Inabaki milioni 1. Hiyo ni usajili wa klabu zile mbili za watoto, ili yule kocha wetu awepo kwenye karatasi, na kinachosalia ni nauli ya timu ya kata kwenda mashindano ya wilaya.

Kuhusu ruzuku ya serikali, najua mtauliza. Mwanafunzi wa msingi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine zinakwenda kwenye vitabu. Kwa shule ya watoto 900 hiyo ni milioni 5 na laki 4 kwa mwaka mzima, kwa chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu. Msimwendee mwalimu mkuu kumuuliza mipira iko wapi.

Fedha zisipite mfuko wa tawi. Ziingie akaunti ya shule chini ya kamati ya shule, risiti zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, na mdau apewe taarifa kila baada ya miezi mitatu. Mimi nitasaidia kuandaa vitabu bila malipo kama kamati ya shule itapenda, na kama haitapenda vilevile sawa.

Sasa jambo gumu, ambalo najua wengine hamtalipenda. Mipira isiandikwe jina la mtu. Jezi za watoto zisiwe na rangi ya chama. Shule si mahali pa siasa, na mtoto wa miaka 10 si bango. Katika daftari lile watakuwemo watoto wa wanachama wa vyama vingine, tena yule binti anayekimbia baba yake ni mpinzani wetu mkubwa kwenye mtaa huu, mnamjua. Akimbie. Mpango ukionekana ni wetu, siku upepo ukibadilika atakayekuja atauua kwa sababu ni wetu, na tutakuwa tumekata kamba ileile iliyokatwa miaka ya 2000. Vijana wameniuliza, "Katibu, sisi kama chama tunapata nini?" Nimewajibu kwamba tutajulikana kwamba tulikaa kikao, tukapitisha, na hesabu ilionekana ubaoni. Kwangu mimi hiyo inatosha. Kama kwenu haitoshi, tupige kura.

Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.

*KILICHOAMULIWA NA KINACHOFUATA*

Baada ya mjadala wa karibu saa nzima, na maoni yalikuwa makali, hasa kutoka kwa vijana wa ndondo, mkutano haukupiga kura kwa sababu waliofika hawakutimia akidi. Kwa hiyo uamuzi utafanyika kikao cha *Jumamosi saa 9 alasiri*, mahali ni palepale. Viongozi wa mashina, hakikisheni watu wenu wanafika, mvua inyeshe au isinyeshe. Kamati ya vijana imeruhusiwa kuleta makisio mapya yenye mchanganyiko, yaani kombe dogo la siku mbili bila ng'ombe, na fedha inayosalia iende kwa watoto. Nimeyaona rasimu yake. Kwa maoni yangu bado jezi ni nyingi, lakini ni hoja ya kujadiliwa na nitaileta mezani kama ilivyo.

Wakati tunasubiri, kuna mambo mawili ambayo hayahitaji kura. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza hadi la sita asiye na cheti cha kuzaliwa apeleke jina kwa mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa, achukue na kadi ya kliniki kama ipo, hata kama imechakaa. Na mwenye karatasi yoyote ya zamani inayohusu kiwanja cha shule, iwe ramani, barua au muhtasari wa serikali ya mtaa wa miaka hiyo, aniletee nitoe nakala, karatasi yake nitamrudishia siku hiyohiyo. Wazee mliokuwepo shule inajengwa, tunawategemea kwa hili, maana msingi ule upande wa goli la kusini leo asubuhi umeongezwa kozi mbili za tofali.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
Kwa maelekezo ya Mwenyekiti wa Tawi